Kuuza Picha kwa Mtu Usiyemjua Ukuta Wake

Wachoraji na wapiga picha wengi wa kwetu, wakiambiwa siku hizi picha zinauzwa mtandaoni, huanza na jambo ambalo lilipaswa kuwa la mwisho. Wanafungua akaunti, wanapakia picha mia mbili zilizokuwa zimelala kwenye kompyuta, kisha wanakaa kusubiri. Miezi inapita bila mauzo, na mtu anahitimisha kwamba Wazungu hawapendi kazi zake au kwamba biashara ya mtandao ni ya wenye bahati. Mara nyingi kazi haina kasoro yoyote. Kasoro ni kwamba duka zima limepangwa kutoka upande wa muuzaji.

Anayenunua nakala ya picha ananunua kitu cha kutundika sebuleni. Ana ukuta wenye upana fulani, ana kochi la rangi fulani, na pengine ana kumbukumbu ya wiki moja Zanzibar ambayo angependa aione kila asubuhi. Ukubwa wa picha, rangi, karatasi, bei, maelezo na hata boksi la kusafirishia, vyote uvipange kuanzia pale ukutani, ukirudi nyuma mpaka kwenye kamera au brashi yako. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza hapa, kwa sababu vijana wenye vipaji wanakata tamaa bure.

Lakini kabla ya ukuta wa mteja kuna mfuko wako. Jua kwanza hela itakufikia kwa njia gani. Masoko makubwa ya picha yako nje, na kila soko lina orodha yake ya nchi ambazo linaweza kumlipa muuzaji. Kuruhusiwa kununua hakuna maana kwamba unaruhusiwa kuuza. Isome orodha hiyo kabla hujapakia hata picha moja. Mkenya ana nafuu kidogo: tangu 2018 akaunti ya PayPal inaweza kuunganishwa na M-Pesa, fedha zikatoka kwenye simu. Mtanzania aangalie kwa makini zaidi, maana akaunti inayoweza kulipa si lazima iweze kupokea. Wengi hupitia Payoneer, ambayo hupokea dola au yuro kwa niaba yako na kuzihamishia kwenye benki ya hapa nyumbani. Hakikisha pia jina lako ni lile lile kila mahali. Ukiwa Mohamed kwenye kitambulisho cha taifa na Muhammad kwenye kitabu cha benki, malipo yanaweza kukwama kwenye uhakiki, na barua pepe za kubembeleza hazitayakwamua haraka.

Kuna wanaokwepa taabu hii kwa kufungua duka kwa jina la binamu aliye Ulaya huku wakiliendesha wenyewe kutoka Mwanza au Mombasa. Sishauri. Soko likiona anayeingia yuko nchi moja na aliyesajiliwa yuko nchi nyingine, linaweza kulifunga duka pamoja na fedha zilizomo. Kama kuna ndugu mnayeaminiana, duka liwe lake kwelikweli, aliendeshe yeye, nawe uwe na mkataba wa maandishi unaosema asilimia yako ni ngapi na inalipwa lini. Undugu haukatazi karatasi.

Masoko ya Marekani yatakutaka ujaze fomu iitwayo W-8BEN, ya kuthibitisha kwamba wewe si mkazi wa Marekani kikodi. Ijaze kwa uangalifu. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, hivyo mrabaha unaohesabiwa kuwa umepatikana huko unaweza kukatwa asilimia 30 kabla haujakufikia. Na kinachobaki ni mapato kama mapato mengine. Yanawahusu TRA wa Tanzania au KRA wa Kenya.

Sasa masoko yenyewe. Kuna yale ambayo wewe unaweka faili tu, wao wanachapa, wanafungasha, wanatuma, na wewe unapata sehemu yako. Fine Art America na Redbubble ni ya namna hiyo. Faida yake ni kwamba hugusi karatasi wala posta. Hasara yake ni kwamba mteja ni wao, si wako: humjui jina, huwezi kumwandikia kumwambia una kazi mpya, na masharti hubadilika bila wewe kuulizwa. Mwaka 2023 Redbubble walianza kukata ada kwenye mapato ya akaunti za daraja la kawaida, na watu waliokuwa wakipata vidola vichache kwa mwezi waliona vimepungua zaidi. Kuna Saatchi Art, iliyo karibu zaidi na jumba la sanaa, ambako kazi ya asili ikiuzwa wao huchukua asilimia 40. Wengine husikia kiwango hicho wakashtuka, lakini majumba ya sanaa yenye milango na taa huchukua nusu. Halafu kuna Etsy, iliyoanza 2005, ambako wewe ndiye mwenye duka na unaliunganisha na kiwanda cha uchapaji.

Kwa mtu wa Afrika Mashariki anayeuza nje, ninapendelea njia hii ya mwisho, na sababu ni moja: nakala ichapwe karibu na mnunuzi. Ukichapa Dar es Salaam na kutuma Chicago, nauli ya kampuni ya usafirishaji inaweza kuizidi bei ya picha, na kuna forodha. Tangu Julai 2021 Umoja wa Ulaya hutoza VAT kwenye kila mzigo unaotoka nje, hata wa yuro tano. Marekani nayo, Agosti 2025, ilifuta msamaha uliokuwa ukiruhusu vifurushi vya chini ya dola 800 kuingia bila ushuru. Mteja aliyelipa picha kisha akapigiwa simu na mtu wa forodha hatarudi. Kampuni kama Gelato ya Norway, Prodigi ya Uingereza au Printful zina mitambo yao au ya washirika wao katika nchi kadhaa: oda ikiingia kwenye duka lako, faili linakwenda kwenye mtambo, na mzigo haukatizi bahari. Etsy wanakutaka umtaje mchapaji huyo waziwazi kwenye tangazo la bidhaa, na kama picha imetengenezwa kwa akili mnemba wanakutaka useme hivyo pia. Sema. Mnunuzi hakasiriki kwa kuambiwa ukweli mapema.

Tuingie kwenye faili, mahali ambapo kazi nyingi nzuri hufia. Kipimo cha uchapaji mzuri ni pikseli 300 kwa kila inchi. Karatasi ya A4 inahitaji pikseli 2480 kwa 3508. A3 inahitaji 3508 kwa 4961. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya 6000 kwa 4000, ambayo kwa kipimo hicho ni sentimita 51 kwa 34 hivi. Ukishuka hadi pikseli 200 kwa inchi, kipimo kinachofaa kwa picha ya kutazamwa kwa umbali wa hatua mbili, picha hiyo hiyo inafika sentimita 76 kwa 51. Huo ni ukubwa wa kutosha kwa ukuta wa sebule. Picha iliyopitia WhatsApp kama picha ya kawaida haifai tena, kwa sababu imebanwa; mwenzako akutumie faili lenyewe kupitia hifadhi ya mtandaoni.

Pikseli si tatizo kubwa kama umbo. Kamera nyingi hupiga kwa uwiano wa 3 kwa 2. Fremu zinazouzwa madukani Ulaya ni za sentimita 30 kwa 40 na 50 kwa 70. Marekani ni za inchi 8 kwa 10, 11 kwa 14, 16 kwa 20. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo 3 kwa 2. Chukua picha ya jahazi linaloingia bandari ya Malindi, Unguja, tanga limejaa upepo na ncha ya foromali imegusa ukingo wa juu wa picha. Kwenye skrini inapendeza. Ikatwe iingie fremu ya 30 kwa 40: picha iliyosimama wima inapoteza kipande juu na chini, na ncha ya foromali inakwenda nacho. Ukiiacha bila kuikata, mteja atalazimika kutengenezesha fremu maalumu, ambayo huko kwao hugharimu mara kadhaa ya nakala yenyewe. Kwa hiyo unapopiga picha unayodhani utaiuza, rudi nyuma hatua moja. Acha anga juu ya tanga na maji chini ya jahazi. Kisha tayarisha kila picha kwa umbo la kila soko, kwa mkono wako, usiiachie programu ya mchapaji ikukatie.

Mchoraji ana kazi ngumu kuliko mpiga picha, na wachoraji wa Tingatinga wana ngumu kuliko wote. Tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya ubao, uzuri wa mtindo huu umekuwa ni ule mng'ao. Na mng'ao huo ndio adui wa kamera. Piga kwa mwanga wa simu, utapata doa jeupe tumboni mwa tembo. Fanya hivi: toa mchoro nje kwenye kivuli cha nyumba, asubuhi yenye mawingu mepesi, uuegemeze wima. Usiwe chini ya mwembe wala karibu na ukuta mwekundu, maana majani na rangi ya ukuta vitaingia kwenye nyeupe zako. Kamera ikae kwenye miguu mitatu, lenzi ikilingana na katikati ya mchoro, isielekee juu wala chini. Mbele ya kamera tundika shuka jeusi pana, lenye tundu la lenzi tu. Sasa mng'ao wa rangi hauna cha kuakisi isipokuwa giza. Weka kipande cha karatasi ya kijivu pembeni mwa mchoro kwa ajili ya kurekebisha rangi, utakikata baadaye. Lenzi isiwe pana, la sivyo ubao wa mraba utafanana na mto wa kulalia. Kabla hujaubeba mchoro kuurudisha ndani, kuza picha kwenye skrini ukague pembe zote nne. Ikiwa pembe moja imefifia, rudia hapo hapo.

Nikiwa bado kwenye Tingatinga, niseme la haki. Mtindo huu hauna mwenyewe kisheria. Yeyote anaweza kuchora chui mwenye madoa ya duara. Lakini mchoro fulani una aliyeuchora, na aliyenunua ubao pale Morogoro Stores, Dar es Salaam, amenunua ubao. Hajanunua haki ya kutoa nakala elfu na kuziuza duniani. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na chombo chake COSOTA, Zanzibar ina COSOZA, Kenya ina sheria ya 2001 na ofisi ya KECOBO. Kama wewe ni kijana unayejua mtandao na unataka kuuza nakala za kazi za mzee mchoraji, kaeni chini mwandike: kazi zipi, kwa miaka mingapi, sehemu yake ni ngapi kwa kila nakala, na ataonaje hesabu za mauzo. Mzee asiye na simu ya kisasa anapaswa kuona hesabu hizo kila mwezi kwenye karatasi. Hii ndiyo sehemu ya biashara hii inayoniuma zaidi, kwa kuwa watu wengi wamepata fedha kwa tembo na ndege wa wachoraji waliobaki na rangi kwenye vidole tu.

Vivyo hivyo kwa watu walio ndani ya picha. Mvuvi wa Nungwi, mama anayesuka ukili, mtoto wa madrasa: uso wake ukitambulika na picha ikauzwa kama pambo, hilo ni matumizi ya kibiashara, na mahakama za Kenya zimewahi kuamuru watu walipwe fidia kwa sura zao kutumiwa bila ridhaa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, Tanzania ina ya 2022. Beba karatasi ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiswahili cha kueleweka, umsomee kama hasomi, kwa mtoto asaini mzazi. Kubalianeni malipo. Mpelekee nakala yake. Na ndani ya hifadhi za taifa uliza mapema kuhusu vibali, kwa sababu kupiga picha za biashara si sawa na kupiga picha za matembezi.

Rangi. Skrini inatoa mwanga, karatasi haitoi. Picha ya magharibi ya Lamu iliyokolea vizuri kwenye simu yako itatoka kiza ikichapwa. Punguza mwanga wa skrini mpaka ufanane na karatasi nyeupe iliyo pembeni yake mezani, kisha ndipo urekebishe picha, ukifungua kidogo sehemu za kivuli. Hifadhi faili kwa mfumo wa sRGB isipokuwa mchapaji ameomba mwingine. Kwa karatasi, chagua aina mbili tu: moja ya kawaida isiyong'aa, na moja ya pamba kwa wanaotaka kazi ya kudumu. Hahnemühle, kiwanda cha Ujerumani kilichoanza 1584, hutengeneza karatasi za pamba ambazo wakusanyaji wa picha wanazijua kwa jina, na kulitaja kwenye tangazo kunasaidia, mradi ndiyo kweli inayotumika. Vikombe, mito na magauni yenye picha yako viache. Duka lenye nakala kumi na mbili za maana na kikombe kimoja linageuka duka la vikombe.

Na kumi na mbili zinatosha kuanzia. Ziwe za jambo moja: milango ya Mji Mkongwe, au matatu za Nairobi, au mibuyu ya Tarangire wakati wa kiangazi. Mtu akipenda mlango mmoja atatafuta wa pili na wa tatu wa kuweka sambamba ukutani, na nakala tatu zinazoendana huuzika kuliko nzuri tatu zisizojuana.

Bei uipange kwa kalamu. Tuseme unauza nakala ya A3 kwenye Etsy kwa dola 45, usafiri ukiwa ndani. Uchapaji tuseme ni dola 18 na usafiri 8, zinabaki 19. Etsy hukata asilimia 6.5 ya bei, yaani dola 2.93, na senti 20 za kuorodhesha. Ada ya kupokea malipo hutofautiana kwa nchi; tuseme 1.80. Umebaki na dola 14 hivi. Sasa, kama mteja alikuja kupitia tangazo ambalo Etsy wameliweka nje ya soko lao, wanachukua asilimia 15 zaidi, dola 6.75, na wewe unabaki na 7.32. Muuzaji ambaye mauzo yake ya mwaka hayajafika dola 10,000 anaweza kuzima matangazo hayo kwenye mipangilio ya duka. Amua ukiwa umeshapiga hesabu. Kama 7.32 haikutoshi, bei ipande. Usishindane kwa urahisi wa bei na kiwanda kinachouza maua ya kompyuta kwa dola tisa. Picha yako ina mahali ilipotoka, na kuna mtu anayetafuta mahali hapo hasa.

Kuhusu nakala zenye idadi maalumu: zina thamani pale tu ahadi inapotimizwa. Rhein II ya Andreas Gursky, iliyouzwa New York 2011 kwa dola milioni 4.3, ilikuwa moja kati ya nakala sita. Ukisema 25, ziwe 25 kwa ukubwa wote, uwe na daftari la kila namba ilikokwenda, na ikiisha iishe hata kama kuna anayelilia. Kwa kuwa mchapaji yuko mbali na huwezi kusaini karatasi yenyewe, tuma cheti chenye saini yako kwa barua ya kawaida, au usiuze kwa idadi mpaka utakapoweza kusaini.

Maelezo yaandike kwa lugha ya mnunuzi, na yaanze na jina la mahali, kwa sababu ndilo analoliandika kwenye sanduku la kutafutia. Aliyefunga ndoa na kupumzika Paje anatafuta Paje. Mswahili aliyeko Muscat au London anatafuta Mombasa, Lamu, Unguja. Eleza picha ilipigwa wapi, msimu gani, nini kinaendelea ndani yake: kwamba chombo hiki ni ngalawa, kwamba ubao huu una mawimbi na minyororo iliyochongwa kwa mkono. Weka vipimo kwa sentimita na kwa inchi. Sema wazi kama fremu ipo au haipo. Malalamiko mengi huzaliwa hapo.

Kabla hujamuuzia mgeni, jiuzie mwenyewe. Agiza nakala moja kwenye duka lako ipelekwe kwa ndugu au rafiki aliyeko nchi unayoilenga, umwombe afungue boksi huku akirekodi video, apime kwa rula, aisimamishe karibu na dirisha mchana. Utajua kama boksi lilikunjwa njiani, kama weusi umegeuka kijani, na mzigo umechukua siku ngapi. Video hiyo, kwa ridhaa yake, ndiyo picha bora zaidi ya kuweka kwenye tangazo lako. Fanya hivyo mapema, duka liwe tayari kufikia Septemba, maana wanunuzi wa zawadi za Krismasi huanza Oktoba, na kila mchapaji hutangaza tarehe ya mwisho ya oda za kufika kabla ya sikukuu. Iandike tarehe hiyo kwenye duka lako, ukiirudisha nyuma siku tatu.

Siku moja mteja ataandika kwamba picha imefika na kona iliyopinda. Mjibu siku hiyo hiyo. Mwombe picha ya kona hiyo na ya boksi, zitume kwa mchapaji ndani ya muda alioweka kwa malalamiko, na mchapaji mzuri atachapa nyingine bila kukutoza. Usimwambie mteja arudishe ile iliyopinda. Gharama ya kuirudisha ni kubwa kuliko karatasi, na huenda ataikata aiweke jikoni, mahali ambapo wageni wake wataiuliza imetoka wapi.